Somo: Simu ya kawaida inavyosaidia ndugu mwenye skizofrenia asiache dawa

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini kuwa anachunguzwa. Somo hili ni la yule anayekaa na mgonjwa au anayemsimamia kwa mbali: mama, kaka, mke, jirani. Halidai simu janja. Kiswaswadu kinatosha, na kwa wengi ndicho bora: chaji inakaa siku kadhaa, na hakina video wala makundi ya kumsumbua mtu anayesikia sauti.

1. Mwelewane kwanza

Zungumzeni akiwa ametulia. Mweleze simu itafanya nini, nani atajua asipomeza dawa, na nini hakitafanyika. Usimwekee programu ya kumfuatilia kwa siri. Ugonjwa huu mara nyingi humwambia mtu kuwa anachunguzwa. Siku akigundua ni kweli, umeupa ugonjwa ushahidi, na vidonge vyako hatavipokea tena. Akikataa, acha. Rudini kwenye mazungumzo hayo siku ya kliniki, mbele ya muuguzi.

2. Alamu

Dawa nyingi za ugonjwa huu huleta usingizi, ndiyo maana wengi huandikiwa kumeza usiku. Hapa kuna kosa linalorudiwa sana: saa 2 usiku kwenye simu ni 20:00. Ukiandika 2:00, alamu italia saa 8 usiku wa manane, mgonjwa atashtuka, ataizima, na kesho hataki kuisikia. Ukishaiweka, ijaribu: weka dakika mbili mbele, ilie, kisha irekebishe.

Chagua mlio wa kawaida usio na sauti ya mtu. Anayesikia sauti zisizokuwepo hahitaji nyingine ya kumwamuru kutoka mfukoni.

Dawa na maji vikae pale simu inapochajiwa. Wengi huzima alamu wakiwa kitandani kwa nia ya kumeza baadaye, na baadaye haifiki. Utaratibu uwe mmoja: kumeza kwanza, kuzima baadaye. Pia simu nyingi za bei ndogo zikiisha chaji kabisa au betri ikitolewa, saa hupotea na alamu hufuata saa isiyo sahihi. Kila Jumapili angalia saa ya simu.

3. Bipu ya jioni

Akishameza, anabipu mara moja. Akitaka umpigie, anabipu mara mbili. Haigharimu salio, na asiyejua kusoma anaweza. Mkitumia ujumbe, usiandike jina la ugonjwa wala la dawa, maana simu hupita mikono mingi. “Habari za jioni, umeshakula?” inatosha, naye ajibu 1 kwa ndiyo, 2 kwa bado. Ujumbe mmoja kwa siku. Ukituma sita, unageuka polisi.

Bipu si uthibitisho. Uthibitisho ni vidonge vyenyewe. Aliyepewa 60 vya siku 30, kimoja asubuhi kimoja usiku, baada ya siku 10 kamili lazima vibaki 40. Hesabuni pamoja, mbele yake, bila kumvizia. Vikibaki 47, uliza dawa inamfanyaje kabla ya kulaumu: kutetemeka, kunenepa, kushindwa tendo la ndoa. Hizo ni sababu kubwa za watu kuacha, na daktari anaweza kubadilisha dawa au dozi.

4. Sindano

Sindano ambayo dawa yake hudumu mwilini kwa wiki kadhaa, kama ya flufenazini, hupangwa kwa wiki. Aliyepangiwa kila wiki 4 amepangiwa siku 28. Ukiweka kalenda ya simu “kila mwezi”, utachelewa siku mbili au tatu karibu kila mara, na baada ya nusu mwaka umebaki nyuma wiki mbili. Aliyechomwa Jumatatu arudi Jumatatu. Weka vikumbusho viwili: siku 7 kabla, nauli itafutwe, na jioni ya kuamkia kliniki. Piga picha kadi yake, kadi hupotea.

5. Kimya

Hapa ndipo mipango mingi hufa. Bipu haikuja, msimamizi anasema “labda amelala”, siku tatu zinapita. Kubalianeni mapema: ikifika saa 4 usiku bila bipu, unapiga, asipopokea, asubuhi mtu anakwenda kwa miguu. Mtu huyo awe na jina na awe karibu. Huko Liuyang, China, mpango wa ujumbe wa simu ulijaribiwa vijijini kwa watu 278 wenye skizofrenia. Ujumbe haukwenda kwa mgonjwa peke yake. Ulimfikia pia ndugu msimamizi. Waliokuwemo walitumia asilimia 61 ya dawa zao, wasiokuwemo asilimia 48.

Andika pia dalili zake yeye za kuanza kuugua, tatu au nne tu. Kutolala usiku mbili mfululizo iwe ya kwanza.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Kaka yangu amechomoa laini, anasema simu inamsikiliza.
Marahaba. Usibishane naye wala usiirudishe kwa nguvu. Mwambie, “Naona inakutia hofu, tuiweke pembeni.” Kisha pigia kliniki siku hiyo hiyo, maana hiyo ni dalili. Akitishia kujidhuru au kumdhuru mtu, msimwache peke yake, ondoeni visu na sumu, mpelekeni hospitali. Namba ya dharura ni 112.

Amesahau dozi ya usiku. Asubuhi ameze mbili?
Hapana, asirudufu kamwe. Kwa kawaida anaendelea na dozi inayofuata kwa saa yake. Anayetumia klozapini akipitisha zaidi ya saa 48, asirudie dozi ya zamani mpaka azungumze na daktari, kwa sababu huanzishwa upya kidogo kidogo.

Mama anafunga Ramadhani, na dawa ni asubuhi na usiku.
Muulizeni daktari kabla ya mwezi kuandama kama afunge, na kama dozi zihamie daku na futari. Akikubali, badilisheni alamu zote mbili siku moja.

Shingo imepinda na macho yamepanda juu, familia inasema ni majini.
Hayo ni madhara ya dawa yanayojulikana, hasa haloperidoli, na yana tiba ya haraka. Mrekodi video ya sekunde 20 kwa ridhaa yake, umwonyeshe daktari, lakini nenda sasa hivi hospitali. Akishindwa kumeza au kupumua, video iacheni.

Mdogo wangu hujibu sauti barabarani, watoto wanamzomea.
Aweke simu sikioni anapojibu. Mpita njia ataona mtu anaongea na simu.