Kabla vifaranga hawajafika: maandalizi ya mfugaji wa uani Moshi

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga nilipokea vifaranga 60 wa chotara mwezi wa Julai. Walifika jioni na basi, kwenye boksi la matundu, wakilia kwa ile sauti nyembamba ambayo ukishaisikia huisahau. Banda lilikuwa limekamilika, chakula kipo, vyombo vya maji vipya. Taa ya joto niliiwasha walipofika. Usiku wa manane umeme ukakatika, nami nimelala fofofo. Alfajiri nilipofungua mlango nilikuta kirundo kimoja kwenye kona: wa juu wanatetemeka, wa chini wamelala bapa, wamelowa. Nilihesabu waliokufa, 19. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Walijichimbia chini ya wenzao kutafuta joto, wakakosa hewa.

Tangu hapo, mtu akiniambia anataka kuanza kufuga, simuulizi kwanza habari ya soko wala bei ya kifaranga. Namuuliza, umeme ukikatika usiku utafanyaje? Wengi wetu tunaofuga uani hatupotezi kuku kwa mambo makubwa. Tunawapoteza wiki ya kwanza, kwa vitu ambavyo vilitakiwa kuwa tayari jana yake. Vifaranga wanatakiwa waukute moto, si moto uwakute wao.

Anza na kalenda. Moshi ni moja kwa jina tu. Aliyeko Pasua au Njoro ana joto la bure mchana kutwa, lakini ukipanda Kibosho, Machame au Marangu, kuanzia Juni hadi Agosti hata wewe mwenyewe unatafuta sweta saa kumi na moja jioni. Kama ndiyo mara yako ya kwanza na unakaa huku juu, Julai iache ipite. Masika nayo, Machi hadi Mei, ina shida yake: matandazo hayakauki, na matandazo mabichi ndiyo nyumba ya ugonjwa wa kuhara damu. Halafu fikiria siku ya kuuza. Desemba watu wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, na kuku anatafutwa kila mlango. Jogoo chotara aliyelishwa vizuri anahitaji miezi mitatu hadi minne kufika uzito wa kuuzika. Hesabu kurudi nyuma, utaona kwamba vifaranga wa Krismasi wanatakiwa wawe ndani ya banda mwishoni mwa Agosti. Oda kwa wanaototolesha uiweke mapema zaidi, kwa sababu wenzako nao wamepiga hesabu hiyohiyo.

Idadi ipangwe na mfuko wa chakula. Vifaranga 50 wa chotara watakula takriban kilo 100 katika wiki nane za kwanza, yaani mifuko miwili ya kilo 50, na baada ya hapo ulaji unapanda haraka. Kama fedha ya mifuko hiyo haipo mkononi siku unayolipia vifaranga, punguza vifaranga. Kifaranga aliyebanwa chakula mwezi wa kwanza hafidii baadaye, hata umwage pumba gunia zima. Mimi kwa anayeanza nashauri 30 hadi 50, na wawe chotara au kienyeji. Kuku wa nyama wa kisasa wanakua upesi, lakini hawasamehe kosa.

Banda lenyewe silizungumzii sana, kwa sababu watu wengi hulijenga vizuri kuliko wanavyolitumia. Urefu wake uelekee mashariki na magharibi ili jua lisiingie moja kwa moja. Chini kuwe na ukuta, juu wavu wa kupitisha hewa, na upande unaotazama mlima uzibwe zaidi, maana usiku baridi hushuka kutoka huko. Kuku wakubwa watano au sita wanatosha kwenye mita moja ya mraba. Ukiwa umepanga, ongea na mwenye nyumba na majirani kabla ya kupiga msumari wa kwanza. Harufu na jogoo wa saa kumi alfajiri vimevunja ujirani mwingi.

Bruda ndiyo ya kukaa nayo. Hii ni sehemu ndogo ndani ya banda, au hata stoo, ambayo vifaranga watakaa wiki nne hivi za kwanza. Izungushie kadibodi ngumu au bati jepesi kwa umbo la duara. Wale 19 wangu walikufa kwenye kona, na duara halina kona. Kwa vifaranga 50, upana wa mita moja na nusu unatosha kwa kuanzia, kisha unautanua kadiri wanavyokua. Chini weka maranda ya seremala au maganda ya mpunga, ambayo kwetu yanapatikana kwa urahisi kwa sababu ya mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni. Kina cha sentimita 5 hadi 10. Vumbi laini la msumeno usiliweke, vifaranga hulidonoa wakidhani ni chakula. Siku mbili tatu za kwanza tandika juu yake gunia safi au maboksi yaliyopasuliwa. Gazeti huteleza, na kifaranga anayeteleza kila hatua miguu yake hupanuka pembeni, akawa kilema.

Joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35, likipimwa usawa wa mgongo wa kifaranga, siyo ukutani. Kila wiki linashushwa kama nyuzi 3 mpaka lifike 21 hivi. Taa moja nyekundu ya wati 250 inatosha vifaranga 50, ikining'inizwa karibu nusu mita kutoka chini kwa mnyororo au waya imara. Usiining'inize kwa waya wake wa umeme, ikianguka kwenye maranda utaunguza banda lote.

Halafu andaa moto wa pili, hata kama mtaani kwako umeme haukatiki mara kwa mara. Chungu cha udongo na mkaa ni msaada mkubwa. Mkaa uwashie nje, usubiri moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo uyaingize, uyafunike na majivu yadumu hadi alfajiri. Chungu kikae juu ya matofali na kizungushiwe wavu ili vifaranga wasikiguse. Hapa sina lugha laini: makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaua vifaranga na inaua watu. Juu ya ukuta pabaki tundu la kupitisha hewa, na mtu yeyote asilale chumba kimoja na jiko hilo, hata kama ni usiku mmoja tu wa baridi kali.

Unapopokea boksi, lifungue palepale kabla dereva hajaondoka na uhesabu. Mwambie mapema asiliweke kwenye buti wala karibu na injini. Kifaranga mzuri anasimama haraka ukimlaza chali, macho makavu na maangavu, kitovu kimefunga, makalio hayajagandiwa na kinyesi. Kifaranga huanguliwa akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni inayoweza kumshikilia hadi siku tatu, ndiyo maana anaweza kusafiri. Lakini akiba hiyo si ruhusa ya kuchelewa. Akifika, maji kwanza, ya uvuguvugu, yenye glukosi kidogo. Shika watano au sita mmoja mmoja, chovya ncha ya mdomo kwenye maji, umwachie. Wenzake wataiga ndani ya dakika chache, na utaona vichwa vikinyanyuka juu kumeza, kimoja baada ya kingine. Chakula kifuate baada ya hapo, kimwagwe kidogokidogo juu ya yale maboksi.

Kesho yake asubuhi gusa gole, ule mfuko ulioko chini ya shingo. Gole lililojaa na laini kama ugali mwororo maana yake amekula na amekunywa. Likiwa gumu, amekula bila maji. Likiwa tupu, hajakiona chakula au anasikia baridi, na huyo ndiye wa kumsogeza karibu na joto haraka.

Kuanzia hapo kipimajoto kizuri kuliko chote ni wao wenyewe. Ingia saa nne usiku bila kelele uwatazame. Wakiwa wamesambaa, wengine wamelala wengine wanadonoa, rudi kitandani. Wakiwa wamebanana chini ya taa na kulia, ni baridi. Wakikimbilia ukingoni, mbawa zimeachwa na midomo wazi, umewachoma. Wakijazana upande mmoja tu, kuna tundu linapuliza upepo, lifuate kwa kiganja cha mkono mpaka ulipate.

Chakula kinunuliwe kikiwa kipya na kihifadhiwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Anayetaka kuchanganya mwenyewe asubiri kuku wakue, kwanza apate uzoefu. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na kuyapa kuku badala ya kuyatupa ni kuhamisha sumu tu. Dagaa wenye mchanga na chumvi nyingi nao huharisha.

Sasa chanjo. Kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo, hakina dawa. Kuku wananyong'onyea, kinyesi kinakuwa cha kijani, shingo zinapinda, na ndani ya siku chache banda limenyamaza. Kabla vifaranga hawajafika, nenda kwa afisa mifugo wa kata yako, andika tarehe kwenye daftari. Ratiba inayotumika sana ni hii: kideri siku ya 7, gumboro (ugonjwa wa virusi unaoharibu kinga ya vifaranga) siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, na ndui kwa sindano ya kwenye bawa kati ya wiki ya 6 na ya 8. Waliokutotoleshea waulize kama wameshachanja mareksi, ugonjwa wa kupooza, siku ya kwanza. Kwa kuku wakubwa wanaozurura ipo chanjo ya kideri ya tone moja kwenye jicho, I-2, ambayo inavumilia joto kuliko nyingine na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Chanjo za kwenye maji ndizo zinazoharibika mikononi mwetu bila kujua. Zinatakiwa zikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo beba chupa ya chai yenye barafu unapokwenda dukani. Maji ya bomba yenye klorini huua chanjo. Tumia ya mvua au ya chemchemi, au ongeza kijiko cha chai cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita kabla ya kuweka chanjo. Vifaranga wanyimwe maji saa moja hadi mbili ili wakipewa wanywe yote ndani ya saa mbili. Na kwa kuwa chupa moja ina dozi za kuku mamia na ikishafunguliwa haitunziki, kubalianeni majirani mchanje siku moja. Kuku wa jirani asiyechanjwa anaruka uzio wako akipenda.

Huku kwetu kwenye migomba na kahawa kuna adui mwingine ambaye wageni hawamfikirii: siafu. Mvua ikinyesha wanatoka kwa msafara, na vifaranga waliofungiwa hawana pa kukimbilia. Zungusha majivu kuzunguka banda, uyarudishie kila baada ya mvua. Banda la nguzo, simamisha kila nguzo kwenye kopo lenye oili chafu, na ufyeke majani yanayogusa ukuta, hayo ni madaraja yao. Wavu uwe wa matundu madogo, nguchiro, kicheche na panya wanapita mahali ambapo ungeapa hapapitiki.

Mlangoni weka viatu vya bandani tu. Mama mmoja jirani yangu aliponiona natoka soko la Mbuyuni na tetea mkononi alinisimamisha njiani: «Mwanangu, huyo usimwingize kwa wenzake. Mfunge peke yake wiki mbili kwanza, ndipo umjue.» Nilimsikiliza. Siku ya tano yule tetea alikuwa ameshakufa, na wangu wote wazima. Kuku aliyekufa mchimbie shimo refu, umfukie na majivu, usimtupe mtaroni wala kwa mbwa. Na usiwape dawa za antibiotiki kila wiki kwa hofu tu. Vijidudu vya magonjwa huzizoea, na mayai ya kuku aliye kwenye dawa hayaliwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite.

Siku moja kabla ya basi kufika, washa taa asubuhi, acha iwake kutwa, maranda yashike joto mpaka chini. Jioni izime kwa makusudi, ingiza chungu cha mkaa, na urudi saa nane usiku na tochi kusoma kipimajoto. Kikiwa chini ya 32, bado una siku nzima ya kutafuta tundu la kuziba.