Koka spanieli mbele ya jaji: soma kiwango kwanza, ubishie matokeo baadaye

Somo hili linawahusu wanaofuga koka spanieli, pamoja na wale wanaopenda tu kutazama maonyesho ya mbwa, ambao wamewahi kushangaa kuona mbwa aliyesifiwa katika nchi moja akipitwa katika nchi nyingine. Mara nyingi lawama humwangukia jaji, ilhali chanzo kimo katika kiwango alichopewa akifuate, yaani maelezo rasmi ya jinsi mbwa wa aina hiyo anavyopaswa kuwa.

Hatua ya kwanza ni kujua jina linamhusu nani. Waingereza wakisema koka spanieli bila kuongeza neno, wanamkusudia koka wa Kiingereza. Wamarekani wakisema hivyohivyo, wanamkusudia koka wa Kimarekani. Zamani walikuwa mbwa wa ukoo mmoja, lakini wafugaji wa Marekani walipendelea mbwa mdogo, mwenye fuvu la mviringo na manyoya mengi, na mwaka 1940 na 1941 koka mweusi wa sura hiyo, My Own Brucie, alitwaa ushindi mkuu wa maonyesho ya mbwa ya Westminster, New York, mara mbili mfululizo. Mwaka 1946 American Kennel Club, chama cha Marekani kinachosajili mbwa, iliwatenganisha rasmi kuwa aina mbili. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, nalo limewapa namba tofauti: 5 ni wa Kiingereza, 167 ni wa Kimarekani.

Hatua ya pili ni kimo, kinachopimwa kutoka ardhini hadi juu ya bega. Uingereza inataka dume wa takriban sentimita 39 hadi 41. Marekani, kwa koka huyohuyo wa Kiingereza, dume huanzia inchi 16, yaani karibu sentimita 41, na kuishia inchi 17. Dume wa Kimarekani anatakiwa awe na inchi 15, na akizidi 15 na nusu huenguliwa. Kwa hiyo dume wa sentimita 41 amefika ukomo akiwa Uingereza, ndiyo kwanza anaanza kukubalika akiwa Marekani, na akiingizwa kimakosa kwenye kundi la koka wa Kimarekani hana lake.

Hatua ya tatu ni kichwa, na hapa vidole vinasaidia kuliko macho. Weka kidole kimoja kwenye ncha ya pua na kingine kisogoni, kisha tafuta kibonde kilicho kati ya macho. Kwa koka wa Kiingereza, kibonde hicho kinapaswa kuwa katikati. Kwa wa Kimarekani, umbali kutoka kibonde hadi puani ni nusu tu ya ule unaotoka kibondeni, ukapita utosini, hadi chini ya kisogo. Ndiyo maana uso wake huonekana mfupi, hata kama mwili wake hauna kasoro.

Hatua ya nne ni manyoya. Viwango vyote viwili vinataka manyoya laini kama hariri, na hata kile cha Marekani kinaagiza manyoya yaliyopita kiasi yaadhibiwe vikali. Lakini ulingoni utaona mbwa wakiburuta manyoya sakafuni na kushinda. Hapo, kwa maoni yangu, lawama kwa majaji ni ya haki.

Mwisho, mtazame jaji mbwa anapowekwa mezani. Hufunua midomo aone meno, kisha hupenyeza vidole chini ya manyoya kutafuta mfupa wa bega, kwa sababu mkasi wa fundi wa manyoya unaweza kuuficha mgongo uliobonyea. Baada ya hapo mbwa huteremshwa atembee. Kiwango cha Uingereza kinataka mkia usiotulia, hivyo koka anayejikunja kwa woga amepoteza kitu ambacho hakuna fundi awezaye kukirudisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mbwa wangu mweusi ana doa jeupe kwenye kidole cha mguu. Je, nimsajili kwa maonyesho?

Jibu: Kama ni wa Kimarekani, usipoteze kiingilio. Mbwa wa rangi moja huruhusiwa weupe kidogo kifuani na kooni tu. Mahali pengine popote ataenguliwa.

Swali: Mkia uliokatwa unahesabiwaje?

Jibu: Marekani bado wanautarajia. England na Wales ukataji ulipigwa marufuku mwaka 2007, isipokuwa kwa baadhi ya mbwa wa kazi, na mbwa aliyekatwa mkia baada ya hapo haruhusiwi kuonyeshwa mahali ambapo watazamaji hulipa kiingilio.

Swali: Mbwa wangu alikuwa peke yake katika kundi lake, na bado jaji alimnyima zawadi ya kwanza. Alimlinganisha na nani?

Jibu: Alimlinganisha na kiwango. Jaji anaweza kuizuia zawadi asipomwona mbwa anayeistahili, na katika maonyesho ya FCI kila mbwa hupewa daraja lake kabla ya kupangwa nafasi. Mwombe jaji akueleze kilichopungua. Wengi hueleza kwa upole wakishamaliza kazi.

Swali: Basi kwa nini majaji wawili wanaotumia kiwango kimoja hutofautiana?

Jibu: Kwa sababu kiwango kimejaa maneno kama “takriban” na “kiasi”. Mmoja hutanguliza kichwa, mwingine mwendo. Nchini Uingereza mbwa hupata ubingwa kwa vyeti vitatu kutoka kwa majaji watatu tofauti, hivyo jicho la jaji mmoja pekee halitoshi kumpa mbwa jina hilo.