Jinsi ninavyotunga safari ya Kasambaza, shujaa mdogo wa Goma

Jumamosi jioni huwasimulia watoto wa mtaa wetu wa Himbi, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hadithi ya Kasambaza, samaki aliyepanda Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, kuomba moto. Nitakuonyesha ilivyojengwa, ili nawe utunge ya kwako.

Hatua ya 1: Chagua mdogo ambaye watoto wanamjua

Sungura nilimwacha. Kila mtoto anajua kwamba Sungura atashinda, kwa hiyo hakuna anayemwogopea. Sambaza, samaki mdogo wa ziwa letu la Kivu, ni mwingine: urefu wake ni kidole, na kila siku watoto wanamwona kwenye beseni pale soko la Kituku. Tena ni mgeni. Aliletwa Kivu mwaka 1959 kutoka ziwa Tanganyika, na wenyeji wa maji bado wanamuuliza kwao ni wapi.

Jina lina uzito. Usimwite shujaa wako Kadogo. Huku kwetu hilo ni jina walilobandikwa watoto waliobebeshwa bunduki, na mama anayesikiliza kando ya mlango hatacheka.

Hatua ya 2: Mpe haja isiyo na tundu

Mwanzoni nilisema taa za wavuvi zimezimika, Kasambaza anakwenda kuziwashia moto. Binti wa miaka saba akanikatiza: «Lakini taa ndiyo inawaua!» Alisema kweli. Usiku wavuvi huwasha taa, sambaza wakaifuata, wavu ukainuliwa. Nikaibomoa hadithi yote. Sasa Kasambaza anataka moto wao wenyewe, ili ndugu zake waache kukimbilia mwanga wa watu. Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza tena kwa nini anasafiri.

Hatua ya 3: Acha chukudu ikupe mwendo

Samaki atapandaje mlima? Ndani ya bidoni la njano, yaani dumu la maji, juu ya chukudu, kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili. Ziwa liko kwenye mita 1,460 hivi, kilele kwenye 3,470, basi ni mita elfu mbili za kupanda. Aliyesukuma chukudu anajua: ukipanda unasukuma kwa kifua, unasimama, unapumua, unaongea. Ukiteremka unapanda juu yake na upepo unakuziba masikio. Simulia vivyo hivyo. Kupanda kuwe na mazungumzo mengi, kuteremka kwishe kwa pumzi moja. Baada ya Kibati chukudu haipiti, mbuzi anabeba bidoni mgongoni. Hapo usikawie.

Hatua ya 4: Kicheko kimwangukie mkubwa

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine. Njiani kuna bariera, kizuizi cha kutoza pesa, na mwenye kamba ni Chura, tumbo mbele. Anamuuliza msukuma chukudu: «Humo ndani ni abiria au mzigo?» Abiria analipa, mzigo unalipa. Kasambaza anamnong'oneza msukuma: «Yaya, kaka yangu, mwambie ni maji tu.» Kisha anashuka mpaka chini kabisa ya bidoni. Chura anafungua kifuniko, anachungulia, anaona uso mpana wenye macho makubwa ukimkazia. Anadhani ni mkubwa wake wa kazi. Anapiga saluti, anaangusha kamba.

Angalia kilichomwokoa: udogo wenyewe. Samaki mkubwa angeonekana. Kama shujaa wako anashinda kwa kupata nguvu za ghafla, umeutupa udogo wake.

Tumia pia ka- yetu ya kumfanya mtu mdogo. Wakubwa wote wanamwambia «kale kasamaki, kanaenda wapi?» Mimi msimuliaji sisemi hivyo hata mara moja; kwangu Kasambaza *anakwenda*, *anasema*, kama mtu kamili. Watoto hawaelezwi, lakini mlima unapomjibu kwa mara ya kwanza bila ka-, wananyamaza.

Hatua ya 5: Jua usichokichezea

Katika mabonde madogo ya huku kuna mazuku, hewa ya kaboni nzito inayolala chini. Mtu mzima aliyesimama anaweza asidhurike, mbuzi na mtoto wakafa palepale. Hapo udogo ni hatari ya kweli. Kasambaza hamshindi mazuku kwa ujanja. Mbuzi anasimama, anaona ndege waliokufa, anazunguka mbali. Watoto wangu wanacheza karibu na mashimo hayo, sitawafundisha kwamba mzaha unayafunga.

Na mlima usiufanye jitu la kupigwa. Mwaka 2002 moto wake ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, 2021 ukashuka tena. Mbele yangu wanakaa watoto wa nyumba zilizofunikwa. Nyiragongo wangu ni mzee asiyesikia vizuri: ukimwomba moto anadhani umeomba mtoto, anaanza kukuhesabia wajukuu. Wanacheka naye.

Hatua ya 6: Jibu litoke kwenye ziwa

«Mzee, nipe moto.» Mlima unapoelewa mwishowe, unasema: «Wewe unalala juu yake.» Ni kweli: vilindi vya Kivu vimejaa metani, gesi inayowaka, na upande wa Rwanda wanaivuta kuzalisha umeme. Chukudu inateremka, bidoni linaruka, maji yanamwagika, Kasambaza anaingia ziwani. Lakini kule chini hakuna hewa ya samaki. Nani atashuka? Hapo nanyamaza, wao wanaanza kubishana.

Weka bidoni la kweli mlangoni kabla hujaanza, wala usiliseme. Wakati wa kutawanyika, mmoja atarudi kulichungulia.