Somo: Kupunguza Kelele Ili Akili Ipate Nafasi ya Kufikiri

Wengi wanaotaka kufikiri vizuri huanza kwa kutafuta ukimya kamili, na wakiukosa hukata tamaa mapema, ilhali kinachovuruga akili zaidi mara nyingi si ukubwa wa sauti bali ni maneno yaliyomo ndani yake. Mwaka 1976 watafiti Colle na Welsh waliwapa watu kazi ya kukumbuka mfululizo wa herufi huku pembeni ikisikika sauti ya mtu akisoma kwa Kijerumani, lugha wasiyoielewa, na bado makosa yao yaliongezeka. Mvumo usiobadilika, kama wa feni, hauisumbui kumbukumbu kwa kiasi hicho.

Hatua ya kwanza: sikiliza kabla ya kupanga. Keti unapofanyia kazi, fumba macho kwa dakika tano, kisha orodhesha kila ulichosikia na utie alama penye sauti za watu. Hizo ndizo za kushughulikiwa kwanza.

Hatua ya pili: ondoa maneno. Zima redio na televisheni hata kama zinanong'ona tu, maana kupunguza sauti hakusaidii sana ikiwa maneno yanaendelea kusikika. Usipoweza kuhama, vaa vizibo vya masikio, au washa feni ili mvumo wake uyafunike mazungumzo ya chumba cha pili.

Hatua ya tatu: simu. Zima arifa zote, kisha iweke mahali ambapo utalazimika kuinuka ili kuifikia.

Hatua ya nne ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu wengi huiruka. Chumba kinaweza kutulia huku kichwa kikiwa bado kimejaa kelele za mambo ambayo hayajakamilika. Chukua karatasi, uandike kila jambo linalokurudia pamoja na lini na namna utakavyolifanya. Usiandike "fundi" peke yake, andika "Kumpigia fundi kesho saa nne asubuhi kuhusu bomba linalovuja." Watafiti Masicampo na Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba mpango mahususi wa namna hiyo hupunguza jinsi jambo lisilomalizika linavyoingilia kazi nyingine, ingawa jambo lenyewe bado halijafanyika.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi nimezoea kusoma huku nikisikiliza nyimbo. Ni lazima niache?

Jibu: Kwa kazi ya mikono au kazi uliyokwisha kuizoea, endelea. Unaposoma jambo gumu au unapoandika, chagua muziki usio na maneno, kwa kuwa maneno ya wimbo na ya kitabu hugombea nafasi ileile.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina watoto wadogo, na siwezi kuvaa vizibo kwa sababu lazima niwasikie. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Ni kweli, usivivae ikiwa wewe ndiye mwangalizi wao pekee. Kazi zisizohitaji fikra nzito zifanye wakiwa macho, na ile moja ngumu ihifadhi hadi wanapolala. Ukiitwa katikati ya kazi kwa jambo lisilo la dharura, andika kwanza sentensi moja inayoeleza umefikia wapi na kinachofuata ni nini, ndipo uinuke.