Kuunganisha Mizani ya Zamani na Kompyuta ya Sasa kwa Adapta ya USB

Mizani nyingi za kidijitali zinazopimia kahawa Mbozi au majani ya chai Mufindi bado ni nzima kabisa, ila zina tundu la siriali lenye pini 9, ambalo kompyuta mpakato za sasa hazina. Adapta ya USB hutatua hilo, mradi ununue ile ya RS-232, yaani kiwango cha mawasiliano kinachotumiwa na tundu hilo la siriali. Zipo zinazofanana nayo zilizotengenezwa kwa saketi za volti 5 au 3.3, na hizo zinaweza kuungua, kwa kuwa laini ya RS-232 huweza kufikia volti 15, chanya na hasi.

Chomeka adapta kwanza bila mizani. Katika Windows, orodha ya vifaa (Device Manager) itaonyesha namba ya COM iliyopewa, yaani jina la tundu la siriali. Alama ya njano ya mshangao humaanisha kwamba draiva, yaani programu ya kuendesha adapta, haijakaa sawa, jambo la kawaida kwa adapta za bei chee zenye chipu bandia. Katika Linux, tafuta kifaa chenye jina la ttyUSB0.

Kisha unganisha mizani, fungua PuTTY, programu inayoonyesha data inayopita kwenye tundu la siriali, na ufuate mipangilio ya kitabu cha mizani, ambayo mara nyingi ni kasi ya 9600, biti 8 za data, bila pariti (biti ya kukagua makosa), na biti 1 ya kusimamisha. Zikitokea herufi zisizosomeka, yaelekea kasi hailingani. Usipoona chochote, shuku kebo kabla ya kushuku mizani, kwa sababu huenda pini 2 na 3, za kutuma na kupokea data, zinahitaji kupishanishwa. Tena, baadhi ya mizani hazitumi uzito mpaka ubonyeze kitufe cha kuchapisha.