Somo: Askari akiwaza nyumbani, ni hamu, shauku, upweke au ukiwa?

Tukitunga hadithi ya askari aliye mbali, wengi huandika "alikuwa na huzuni" tukaishia hapo. Huzuni ni pana mno. Tumchukue askari mmoja wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) kule Burma, leo Myanmar, mwaka 1944 katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikiteremka Bonde la Kabaw kuelekea mji wa Kalewa, mvua juu, malaria chini.

Hatua ya 1. Uliza anakosa nini. Kama ni kitu anachokijua, uji wa mama au sauti ya mtoto, hiyo ni hamu: "Ana hamu ya kumwona mwanawe." Usiweke uchu. Uchu ni wa tumbo na mwili. Ukisema ana uchu wa mkewe, umemvunjia heshima.

Hatua ya 2. Moyo umeelekea wapi? Hamu anaweza kukaa nayo miaka. Akiambiwa meli inang'oa nanga kesho, akakosa usingizi, sasa ni shauku.

Hatua ya 3, na hapa ndipo tunapoteleza. Yumo handakini na wenzake, Kiswahili cha jeshini kimewaunganisha watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Huyo hana upweke, maana upweke ni kukosa wa kukaa naye. Lakini barua ikimfikia kwamba mama amefariki, andika ukiwa, hata akiwa katikati ya kikosi kizima. Ukiwa ni wa aliyeondokewa. Ndiyo maana asiye na jamaa tunamwita mkiwa.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, "amemkumbuka mama" haitoshi?
Kwa mazungumzo inatosha sana. Ukimwambia mtu "nimekukumbuka", anajua una hamu naye. Katika hadithi, msomaji aweza kudhani mama amempitia akilini tu. Ongeza tendo: anaikunjua barua ileile mara ya tatu.

Kwenye tenzi za kale nimekuta hamu ikimaanisha huzuni. Ni kosa?
Si kosa, ndugu yangu. Kiarabu ilikotoka hubeba wasiwasi na majonzi, na washairi waliihifadhi maana hiyo. Katika nathari ya leo itampoteza msomaji.

Na akirudi salama, akakuta kwao hapafanani tena na alivyopaacha?
Hapo andika ugeni. Anabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, na mtoto anauliza, "Nani?"