Kurusha video ya nyumba iliyobomolewa palepale ilipokuwa: mwongozo wa Kariakoo

Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Dar es Salaam, zile za ukumbi katikati, vyumba huku na huku na ua nyuma, zinaondoka moja moja kupisha maghorofa. Baada ya kubomoa na kabla ya kujenga, kiwanja hubaki na uzio wa mabati na ukuta wa jirani ulioachwa wazi, wenye masizi ya jiko la uani na rangi tatu za miaka tofauti. Wapita njia huacha kukitazama. Mwongozo huu ni wa kurekodi nyumba ingali imesimama, kisha kuirusha usiku kwa projekta, mashine ya kumulika picha, kwenye uzio huohuo, mlango na baraza vikikaa pale vilipokuwa.

Kazi hii hufaulu kwa sharti moja: kamera na projekta zisimame nukta moja na kutazama kwa pembe moja. Hapo mistari ya picha hujipanga yenyewe, hata uzio ukiwa umepinda.

Kwa hiyo anza na projekta, siyo kamera. Tafuta kwenye kitabu chake uwiano wa kurusha, yaani umbali wa ukuta ukigawanywa kwa upana wa picha. Projekta nyingi za kukodi zina 1.5 hivi: ukiwa mita 9 kutoka kwenye uzio unapata picha ya upana wa mita 6, yaani mlango, madirisha yake na kipande kizuri cha baraza. Lenzi ya kamera nayo ina uwiano huohuo: urefu wa fokasi (ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi) ukigawanywa kwa upana wa sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Lenzi ya milimita 54 kwenye sensa ya milimita 36 inatoa 1.5 kamili.

Hapa wengi hukwama. Kamera hutazama sawasawa juu na chini ya lenzi, lakini projekta nyingi hurusha picha yote juu ya lenzi. Ukiinamisha moja ili ilingane na nyingine, kuta zitaonekana zinaanguka. Dawa ni kupiga kwa upana mara mbili, yaani uwiano wa 0.75 hivi badala ya 1.5, na kukata baadaye. Kwa sensa ya milimita 23.5, weka lenzi ya milimita 18, sawazisha kamera kwa pima maji, rekodi kwa 4K (3840 kwa 2160), kisha wakati wa kuhariri chukua nusu ya juu, katikati, 1920 kwa 1080. Kipande hicho ndicho projekta ya 1.5 inachokiona. Hakikisha kamera yako haikati sensa inaporekodi 4K. Zipo zinazokata, na hesabu yote huharibika.

Nukta yenyewe iandike kwa vipimo vitatu kutoka vitu visivyohama: nguzo ya umeme, kona ya jengo la ng'ambo, mfuniko wa chemba. Usitegemee alama ya chaki au meza ya muuza matunda. Urefu wa lenzi kutoka chini nao uandike. Mita 1 inafaa, kwani ndio urefu wa meza utakayowekea projekta. Lenzi ya zumu, ile inayovuta picha karibu na mbali, ibane kwa utepe isijisogeze.

Rekodi asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa, uso wa nyumba ukiwa kivulini. Kivuli kikali cha jua kikirushwa usiku huonekana kama shimo. Fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde huendana na umeme wetu wa hezi 50, kwa hiyo taa hazitapepesa. Mwangaza, fokasi na rangi ya mwanga viwekwe kwa mkono. Kamera ikijiamulia, ukuta mweupe utabadilika rangi kila daladala ikipita. Rekodi dakika 10 bila kugusa kitu, na urudie siku ya kuhamisha vyombo na siku ya kubomoa. Usiingie ndani ya jengo linalobomolewa au kuchimbwa chini. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 liliua watu.

Sauti irekodi peke yake, ukumbini na uani, kwa kilohezi 48: mlango, ndoo, redio ya jirani. Chumba kitupu kina mwangwi wake, na mwangwi huo ndio wa kwanza kupotea.

Kuhusu ruhusa, mwenye nyumba na wapangaji kwanza, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, na kibali cha kupiga picha kutoka Bodi ya Filamu. Baada ya kubomoa, mkandarasi naye aombwe kuhusu uzio. Uso wa mtu unaotambulika unahitaji ridhaa yake; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mpangaji anayehamishwa ana haki ya kukataa kugeuzwa mandhari.

Sasa mwanga. Picha ya mita 6 ina eneo la mita za mraba 20 hivi. Projekta ya lumeni 5000 (kipimo cha mwanga wote inaoutoa) itatoa laksi 250, yaani lumeni 250 kwa kila mita ya mraba, na hiyo hushinda taa za barabarani bila shida. Haishindi taa ya LED ya duka lililo mkabala. Mwombe mwenye duka aizime kwa saa moja. Mabati ya bluu hula rangi nyekundu, na migongo yake hung'aa kwa mistari. Funika kwa kitambaa cha marekani (pamba isiyotiwa rangi) kilichotobolewa matundu ya kufungia kila sentimita 50. Upepo ukiwa mkali, fungia mifuko ya mchanga chini yake. Sehemu ya paa inayovuka juu ya uzio itaangukia ukuta wa jirani ulio nyuma: itafifia na kupungua ukali, lakini kwa aliyesimama karibu na projekta mistari bado inaungana. Mimi ningeiacha hivyo.

Usirekebishe picha kwa kitufe cha projekta cha kunyoosha pembe (keystone). Hupunguza ukali na kuvuruga ulinganifu wote. Sogeza meza.

Dar jua huzama kati ya saa 12:15 na 12:50 jioni na giza huingia upesi, ila subiri watu watoke kuswali Isha ndipo uwashe, karibu saa 2:15 usiku. Projekta, kompyuta na spika mbili hula wati 700 hivi. Jenereta ya kVA 1 hufanya kazi kwa shida, chukua ya kVA 2 na uiweke mbali. Waya wa mita 30 uwe wa milimita za mraba 2.5, ufunuliwe wote. Ukiachwa umeviringishwa hupata moto. Projekta ya taa ya balbu izime kwa kitufe, subiri feni inyamaze, ndipo uchomoe.

Mkandarasi akisogeza uzio mbele, picha itakuwa ndogo lakini itakaa sawa. Rekebisha fokasi tu, nukta isiguswe.